Mahame ya Colorado: Watalii waja, sumu ya migodi yabaki

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka theluji inapoanza kuyeyuka katika milima ya San Juan, kusini-magharibi mwa jimbo la Colorado nchini Marekani, barabara inayoziunganisha Durango, Silverton na Ouray hujaa magari ya kulala, yale yenye kitanda, jiko na tangi la maji ndani yake. Wasafiri wake hawafuati hoteli wala maduka. Wanafuata upweke wa milima na mahame ya miji ambayo wachimba madini waliihama karibu miaka mia moja iliyopita.

Hata hivyo, nyuma ya mandhari hiyo limejificha swali ambalo Marekani, pamoja na utajiri wake wote, haijalipatia jibu kamili: nani alipe gharama za kusafisha mgodi ambao mwenyewe alikwisha kufa au kufilisika?

Milima hiyo ilikuwa ardhi ya Wahindi Wekundu wa kabila la Ute hadi mkataba wa mwaka 1873 ulipowaondoa ili kuwapisha wachimba fedha na dhahabu. Mji wa Animas Forks ulijengwa katika mwinuko wa mita 3,400 hivi, na katika kipupwe cha mwaka 1884 theluji iliuangukia kwa siku 23 mfululizo, hata wakazi wakalazimika kuchimba njia chini yake ili kutoka nyumba moja hadi nyingine. Bei ya madini ya fedha ilipoporomoka mwaka 1893, miji mingi ya aina hiyo ilianza kufifia, na kufikia miaka ya 1920 Animas Forks ilikuwa mahame. Mgodi mkubwa wa mwisho katika eneo la Silverton, Sunnyside, ulifungwa mwaka 1991.

Tangu hapo utalii ndio umekuwa tegemeo la Silverton, mji pekee wenye wakazi wa kudumu katika kaunti ambayo sensa ya mwaka 2020 iliihesabia watu 700 na ushei tu. Wageni waliongezeka zaidi wakati wa janga la korona, familia nyingi zilipokwepa ndege na hoteli. Mwaka 2021 pekee, viwanda vilipeleka sokoni magari na matela ya kulala zaidi ya 600,000, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla.

Kinachowavutia ni pamoja na unafuu wa gharama. Sehemu kubwa ya milima hiyo ni ardhi ya umma, ambako kwa kawaida msafiri huruhusiwa kupiga kambi bila malipo kwa siku zisizozidi 14. Gari kubwa la kulala, lakini, haliwezi kufika kila mahali. Njia ya kuyazungukia mahame hayo, yenye urefu wa kilomita 105 hivi, hupita katika mapito ya milimani ya Engineer na Cinnamon, karibu mita 3,900 juu ya usawa wa bahari, na huhitaji gari dogo lililoinuka, lenye nguvu katika magurudumu yote manne. Wengi huacha magari yao bondeni na kuendelea kwa jipu au kwa miguu.

Wingi huo wa wageni haukupokewa na wote kwa furaha. Mwaka 2021, wapiga kura wa Silverton waliamua kupiga marufuku vigari vya matembezi ya porini katika mitaa ya mji wao. Lakini vumbi na kelele ni adha ndogo ikilinganishwa na kile kinachotiririka chini ya miamba.

Miamba ya eneo hilo ina mchanganyiko wa chuma na salfa. Ikichimbwa na kukutana na hewa na maji, huzaa asidi, nayo asidi huyeyusha zinki, kadmiamu, risasi na metali nyingine na kuzipeleka mitoni. Kazi hiyo haisimami kwa sababu mwenye mgodi amefunga lango na kuondoka.

Agosti 5, 2015, wafanyakazi waliokuwa chini ya Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani (EPA) waliparaza kifusi kilichoziba mgodi wa zamani wa Gold King, juu ya Silverton. Lita zipatazo milioni 11 za maji yenye sumu zilibubujika, na Mto Animas ukageuka rangi ya manjano. Maji hayo yalifika New Mexico na Utah, na wakulima wa taifa la Navajo wakafunga mifereji yao ya umwagiliaji.

Wataalamu wengi wanaamini kuwa maji yalipanda katika Gold King baada ya kuta za zege kujengwa kuanzia miaka ya 1990 kuziba njia za mgodi jirani wa Sunnyside. Kampuni ya Sunnyside imekana hilo.

Kwa miaka mingi viongozi wa Silverton walikuwa wakiipinga serikali kuu isiliweke eneo lao katika orodha ya maeneo yenye sumu nyingi zaidi nchini, wakihofia kuwa jina hilo lingewafukuza watalii. Baada ya mto kugeuka rangi hawakuwa tena na hoja. Mwaka 2016 waliomba wenyewe, na Septemba ya mwaka huo vyanzo 48 vya uchafuzi vikaingizwa katika orodha hiyo.

Bili haikuwa ndogo. Mwaka 2022 serikali kuu ilikubali kuilipa New Mexico dola milioni 32 na taifa la Navajo dola milioni 31, wakati makubaliano mengine ya mwaka huo yalitenga dola milioni 90 kwa usafishaji, nusu ikitoka kwa Sunnyside na kampuni mama yake, Kinross, na nusu kwa serikali. Kwa maneno mengine, mlipakodi amebeba mzigo wa faida aliyoila mwingine.

Mzizi wa tatizo ni sheria ya madini ya mwaka 1872, ambayo ingali ikitumika na haimdai mchimba dhahabu au shaba mrabaha katika ardhi ya serikali kuu. Wachimba makaa ya mawe, kinyume chake, hutozwa tangu mwaka 1977 ada ya kusafisha migodi iliyotelekezwa. Desemba 2024 Marekani ilipitisha sheria inayowakinga na mashitaka wanaojitolea kusafisha migodi isiyo yao, lakini kwa majaribio yasiyozidi 15.

Kwa Afrika Mashariki kisa hiki si cha mbali. Kilembe nchini Uganda, mlango mmojawapo wa wapandaji wa Rwenzori, ni mji wa shaba ambao mgodi wake ulisimama miongo kadhaa iliyopita, na mabaki yake yameachwa kandokando ya Mto Nyamwamba, uliofurika vibaya mwaka 2013 na tena 2020. Tanzania nayo imekwisha kushuhudia kufungwa kwa Golden Pride wilayani Nzega mwaka 2014, na uzalishaji kukoma Buzwagi mwaka 2021.

Fedha za kusafisha mgodi hupatikana kwa urahisi siku dhahabu inapotoka, na kwa shida baada ya mwekezaji kufunga mizigo. Huko Gladstone, juu ya Silverton, kiwanda cha kusafisha maji ya Gold King kilijengwa mwaka 2015 kikiitwa cha muda. Maji nayo yanaendelea kutoka.