Kabla hujarudisha, angalia salio

Je, mpenzi msomaji, umewahi kupata ujumbe kwenye rununu yako kwamba umetumiwa pesa na mtu usiyemjua? Usishangilie. Wala usifanye haraka kuzirudisha.

Shangazi yangu huuza mahamri na viazi karai kule Kilifi. Asubuhi moja, wateja wamejaa kibandani, ujumbe uliingia: amepokea Sh3,500. Kabla hajautua mwiko, simu ikalia. "Mama, samahani sana, nimekosea nambari. Hizo ni pesa za dawa, mtoto wangu yuko hospitali. Nirudishie, tafadhali."

Shangazi ni mzazi. Alipangusa mikono kwa leso, akatuma. Jioni, alipotaka kumlipa mwenye duka deni la unga, salio halikutosha. Hakuna pesa zilizokuwa zimeingia. Zile alizotuma zilikuwa zake mwenyewe.

Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, simu imegeuka kibindo cha nyumba nyingi, toka Mtwapa hadi Malindi. Mwizi wa kibindo hiki havunji mlango. Hungoja huruma yako na haraka yako.

Basi fanya hivi. Kwanza, tazama ujumbe umetoka wapi. Ule wa kweli huja kwa jina MPESA, si kwa nambari ya mtu. Pili, usitosheke na ujumbe; fungua M-Pesa uangalie salio. Tatu, hata kama pesa zimeingia kweli, usizirudishe wewe. Mwambie aliyekosea apeleke ujumbe wake kwa nambari 456, Safaricom ishughulikie. Ukimtumia, naye akawa ameomba zirudishwe, utalipa mara mbili. Nne, usimtajie mtu nambari yako ya siri, hata ajiite mfanyakazi wa kampuni. Ujumbe wa kitapeli upeleke 333.

Nawe mwanafunzi uliye hodari wa simu, leo Jumapili keti na nyanya yako. Usimshikie simu, mwache abonyeze mwenyewe mpaka ajue kuangalia salio bila ya kukuita.

Shangazi amejifunza. Siku hizi akipigiwa na "mzazi wa mgonjwa", hujibu kwa upole: "Ngoja mwanangu, niepue mahamri kwanza." Akimaliza kuepua na kuangalia salio, mwenzake huwa keshakata simu.

Haraka haraka haina baraka.