Simu ya Zamani Nayo Yastahili Zana za Kuhariri

Kuandika ni kazi ya hatua mbili: kwanza mtu huliweka wazo lake, kisha hulirudia na kulirekebisha. Programu ya barua pepe isiyomwezesha mwandishi kukata, kunakili na kubandika maneno humpa nusu tu ya kazi hiyo. Kasoro hii ilikuwamo katika simu kadhaa za mkononi za zamani, na ni rahisi kudhani kwamba ilitokana na udogo wa mashine. Rai yetu ni kwamba dhana hiyo haina msingi.

Zana hizi si ngeni. Larry Tesler na Tim Mott waliziweka katika programu ya kompyuta iitwayo Gypsy, huko Xerox PARC, Marekani, katikati ya miaka ya 1970. Maneno yaliyochaguliwa huhifadhiwa kwa muda katika sehemu ya kumbukumbu, yakingoja kuwekwa mahali pengine.

Hata hivyo, iPhone ya kwanza, iliyotoka mwaka 2007, haikuwa nazo. Zililetwa Juni 2009 na programu ya iPhone OS 3.0, zikafanya kazi hata katika simu zile zile za mwaka 2007. Simu hizo zilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 128. Barua ya herufi 1,000, hata tukihesabu baiti 2 kwa kila herufi, huchukua baiti 2,000: sehemu moja tu kati ya 64,000 za kumbukumbu hiyo. Windows Phone 7 nayo ilitoka mwaka 2010 bila zana hizo, ikazipata mwaka 2011, pia kwa kubadilishiwa programu.

Basi ugumu ulikuwa wapi? Kidole kikisogea juu ya kioo, simu itajuaje kama mtu anataka kuteremsha ukurasa au kuchagua maneno? Hilo ni swali la ubunifu. Nokia 6600 ya mwaka 2003 ilikuwa na jibu lake: kitufe chenye alama ya penseli, ambacho kikibanwa huku kijiti cha kusogeza kikielekezwa upande, maneno huchaguliwa.

Kwa Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee. Tazama sentensi hii: "Kitabu kile kikubwa kimepotea." Ukitaka wingi, sharti ubadilishe mwanzo wa maneno yote manne. Asiyeweza kufika mwanzoni mwa neno hulazimika kufuta yote na kuanza upya. Na mtu akichoshwa hivyo, huliacha kosa lilivyo.

Kwa hiyo watengenezaji wa programu wasiwaambie wenye simu za zamani wanunue mpya kabla hawajajiuliza kama kasoro imo katika chombo au katika programu. Nanyi walimu, wafundisheni wanafunzi kuuliza swali hilo hilo kwa kila mashine. Hapo ndipo sayansi huanza kumtumikia mtu.