Mbege Yapewa Kimea, Mtoto Apewa Chai

Katika vihamba vyetu vya Mkuu hakuna kinywaji kinachoandaliwa kwa heshima kama mbege. Ulezi huchambuliwa, huloweshwa, huoteshwa, huanikwa na kusagwa. Ndizi huivishwa, huchemshwa, kisha huachwa zichachuke. Kwa siku nyingi mama wa nyumba huhesabu na kuonja, ili wazee wakija Jumapili wasipate la kusema. Sijasikia mtu akidai kwamba hakuna muda wa mbege. Lakini uliza kwa nini mtoto wa miaka miwili anaanza siku kwa chai ya rangi na andazi la jana, nawe utajibiwa papo hapo: "Asubuhi hatuna muda."

Mimi nakataa jibu hilo. Nyumba inayoweza kuandaa pombe wiki nzima kabla ya wanywaji kufika, inaweza kuandaa kifungua kinywa cha mtoto tangu jioni. Tunachokosa si muda. Tumeshindwa kumhesabu mtoto miongoni mwa watu wanaostahili kuandaliwa.

Itazame kwanza hiyo chai. Majani yake yana kitu kinachozuia mwili usichukue madini ya chuma yaliyomo katika chakula, na chuma ndicho kinachojenga damu. Andazi nalo ni unga mweupe, sukari na mafuta. Mtoto hutulia kidogo, kisha huanza kulia tena, nasi tunasema ana deko.

Wako wanaojitetea kwamba wao hutoa uji. Vema, lakini ni uji gani? Unga wa mahindi ukipikwa huvimba. Ili unyweke, mama huongeza maji, na akiona bado ni mzito huongeza tena. Tumbo la mtoto ni dogo, hujaa upesi. Kikombe kimekwisha, mtoto ameshiba maji, chakula chenyewe ni vijiko vichache tu.

Dawa ya jambo hili iko katika gunia lile lile la mbege. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa mwaka 1973, ilikwisha kulihimiza jambo hili tangu miaka ya 1980: kimea hulainisha uji mzito bila kuongeza maji. Pika uji wa ulezi au mahindi uwe mzito kweli kweli. Uepue, uache upoe hadi uwe vuguvugu, kisha utie kijiko kidogo cha unga wa kimea na kukoroga. Baada ya dakika chache uji ule uliosimama kama ugali utalegea na kunyweka. Urudishe motoni uchemke tena, ndipo umpe mtoto. Kikombe ni kile kile, lakini chakula kilichomo ni kingi zaidi. Tena ulezi wenyewe una chokaa ya kujenga mifupa zaidi ya miligramu 300 katika kila gramu 100, mara nyingi kuliko mahindi.

Kazi ya kimea cha mtoto ni ya mara moja kwa mwezi. Chukua kilo moja ya ulezi, uchambue, uoshe, uloweke usiku kucha. Mwaga maji, ufunike kwa kitambaa safi chenye unyevu kwa siku mbili hivi mpaka uchipue. Uanike juani mahali pasafi hadi ukauke kabisa, usugue vimizizi vitoke, usage, uweke katika kopo kavu lenye kifuniko. Usiukaange, maana moto mkali huua nguvu yake. Ukiona ukungu, tupa. Wala usitumie mtama ulioota badala ya ulezi, kwa kuwa chipukizi za mtama huwa na sumu. Akiba haiozi, walisema wazee, na hii ni akiba ya kweli.

Anayetaka kulala bila wasiwasi wa asubuhi, na atengeneze togwa. Uji upikwe jioni, upoe, utiwe kimea na kikombe cha togwa ya jana, ufunikwe vizuri. Kufikia asubuhi umechachuka na una utamu wenye ukali kidogo ambao watoto huupenda. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Tanzania na Sweden walionyesha kwamba watoto wanaolishwa uji uliochachushwa hivi hupungukiwa na vijidudu vya kuharisha matumboni. Kumbe kilichodharauliwa kuwa cha kizamani kilikuwa na akili ndani yake!

Kiburu nacho kinafaa. Ndizi na maharage hupikwa jioni pamoja na chakula cha watu wazima, na cha mtoto hutengwa kabla ya chumvi nyingi kutiwa. Asubuhi kinachemshwa upya barabara, kinapondwa kwa mwiko, kinatiwa maziwa au kipande cha parachichi. Mtoto anaweza kukishika kwa vidole vyake mwenyewe, na hilo humfurahisha kuliko kulishwa kwa kulazimishwa. Usimhifadhie chakula katika chupa ya chai tangu usiku, kwa sababu kikishakuwa vuguvugu kinakuwa kitalu cha vijidudu.

Sasa nije kwa wale wanaojivunia unga wa lishe wa dukani, wenye nafaka saba au kumi ndani ya mfuko mmoja. Ndugu msomaji, mahindi, mtama, ngano, mchele na ulezi vyote ni nafaka. Kuvichanganya si kumpa mtoto vyakula vitano, ni kumpa chakula kimoja chenye majina matano. Karanga zikisagwa humo, unga huchacha upesi. Soya isipokaangwa vizuri humsumbua mtoto tumboni. Na punje moja mbovu ikishasagwa, nani tena ataiona?

Sumu ya ukungu si hadithi. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara mahindi yenye sumukuvu yaliwaua watu wapatao 20. Na kwetu Rombo, katika utafiti uliofanywa Tarakea na kuchapishwa mwaka 2010, watoto waliokula sumu ya ukungu wa mahindi kupita kiwango walikuwa wafupi kwa sentimita 1.3 na wepesi kwa gramu 328 kuliko wenzao walipofikisha mwaka mmoja. Tarakea ni jirani zetu, na mahindi yetu hutoka tambarare zile zile. Yafaa basi mahindi ya mtoto yachambuliwe punje kwa punje, yaliyovunjika na yaliyobadilika rangi yatolewe, kabla hayajaenda mashineni.

Wengine husema mtoto anakataa vyakula hivi. Atakubalije asichozoeshwa? Aliyefundishwa biskuti atadai biskuti. Na biskuti yenyewe mara nyingi imenunuliwa kwa fedha ya yai lililotagwa humo humo kihambani! Yai limekwenda sokoni, parachichi limekwenda sokoni, na sukari imerudi nyumbani.

Najua pia nitakavyojibiwa na akina mama: mbege ndiyo inayolipa ada na kununua chumvi. Ni kweli, wala siwaambii waiache. Tena sitaki kumtwisha mama mzigo wote peke yake. Baba anayeketi na kibuyu chake jioni anajua bei ya ulezi kuliko mtu yeyote. Yeye huyo na achambue maharage huku akizungumza, na aulize mtoto wake atakula nini kesho kabla hajauliza mbege ya kesho inauzwa kwa nani.

Ninachodai ni kidogo. Kila kimea kinapotoka mashineni, bakuli moja litengwe katika kopo la mtoto kabla ya kingine chote kuingia katika pipa. Wanywaji hawatalitambua pengo la bakuli moja. Mtoto atalitambua, na baada ya miaka miwili urefu wake utatuambia kama tulimtengea au hatukumtengea.