Kikokotoo cha Grafu Hakimfanyi Mtu Kuwa Mhandisi

Mwaka jana, wiki moja baada ya wanafunzi wa kidato cha tano kuripoti, mama mmoja alinifuata ofisini. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu asiyetaka kupoteza muda.

"Mwalimu, nina swali moja tu. Mwanangu yuko PCM, anataka kuwa mhandisi. Ananiambia ipo kalkuleta inayochora grafu, na kwamba wote wanaokwenda uhandisi lazima wawe nayo. Bei yake imenitisha. Hela ninayo, ni mgao wa kikoba, lakini ndiyo hiyo hiyo niliyotaka kuongezea mtaji wa genge. Nimnunulie?"

Nilimjibu: "Usinunue, mama. Angalau si sasa."

Swali lake huulizwa kila mwaka, na wanaouliza mara nyingi wamekwisha kuamua kununua. Ndiyo maana nimeona niandike hapa sababu zangu. Siandiki kwa chuki ya chombo hiki. Mimi mwenyewe ninacho, na ninakipenda.

Chombo chenyewe

Kikokotoo cha grafu hufanya kazi zote za kikokotoo cha sayansi unachokijua, na zaidi ya hapo kina kioo kikubwa kinachoonyesha mchoro wa mlinganyo unaoandika. Pia hutunza programu anazoandika mtumiaji. Cha kwanza kuuzwa madukani kilikuwa Casio fx-7000G, mwaka 1985. Texas Instruments walileta TI-81 mwaka 1990, na baadaye TI-83 na TI-84. Nchini Marekani vimeenea mashuleni kwa sababu mitihani yao, kama vile AP Calculus, ina sehemu inayohitaji kikokotoo cha grafu. Vijana wetu huviona kwenye video za masomo kutoka huko, wakaamini kwamba bila hicho hakuna uhandisi.

Changu ni TI-83 Plus. Nilikinunua mtumba nikiwa mwaka wa tatu chuo kikuu, kwa fedha za kujikimu tulizokuwa tukiziita bumu. Mwezi ule nilikula maharage kuliko nilivyopenda.

Nisikidhulumu. Ukitaka kuona jinsi mchoro wa y = ax² unavyobanwa au kutanuka kadiri a inavyobadilika, kitakuonyesha kwa dakika moja. Mlinganyo kama x = cos x hautatuliki kwa aljebra. Chora y = x na y = cos x kwa rediani, tafuta zinapokutana, utapata takriban 0.739. Na kinafanya kazi palipo na mtandao na pasipo nao, kwa betri nne ndogo tu. Hizo ni sifa za kweli.

Siku ukuta ulipokosa umeme

Siku moja nilikuwa naandaa somo la umeme wa majumbani. Umeme wetu ni volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde. Volti 230 ni kipimo cha wastani maalumu. Kilele chake hufika karibu volti 325. Kwa hiyo volti katika wakati wowote t ni:

v = 325 sin(100πt)

Niliuandika mlinganyo huo kwenye TI-83 Plus yangu, nikabonyeza kitufe cha kuchora. Hakuna kilichotokea. Nikasafisha kioo, nikachora tena. Hakuna wimbi. Ulionekana mstari mmoja tu ulionyooka, umelala juu ya mhimili. Kwa mujibu wa kikokotoo changu, waya wa ukutani haukuwa na umeme hata kidogo.

Nilipoteza karibu saa nzima nikitafuta kosa kwenye mlinganyo. Mlinganyo haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye dirisha la mchoro. Mhimili mlalo ulikuwa bado umepangwa kuanzia 0 hadi 94, mpangilio wa somo lililotangulia. Kioo cha TI-83 Plus kina nukta 96 kwa 64, na mchoro hutumia safu wima 95. Kutoka 0 hadi 94 kuna hatua 94, kwa hiyo kila safu ilisimama kwenye sekunde kamili: 0, 1, 2, 3 na kuendelea. Weka sekunde kamili yoyote kwenye mlinganyo ule: sin(100π), sin(200π), sin(300π), zote ni sifuri. Ndani ya sekunde 94 yalipita mawimbi 4,700, na kikokotoo kikachungulia kila mara volti zilipokuwa sifuri. Kisha kikaunganisha sifuri zake kwa mstari.

Nilipobadilisha dirisha kuwa 0 hadi 0.04, mawimbi mawili mazuri yakatokea.

Fikiri sasa kuhusu mtu asiyejua kuwa waya ule lazima uwe na umeme. Yeye angeuamini mstari. Kikokotoo hakikusema uongo, kilijibu nilichokiuliza. Niliyeuliza vibaya ni mimi, na kilichoniokoa ni kwamba nilijua jibu linapaswa kufanana na nini kabla sijabonyeza kitufe.

Pima kabla ya kuamini

Tangu siku hiyo, kila kikokotoo kinachoingia mkononi mwangu, kiwe cha bei kubwa au ndogo, nakipa mtihani. Ufanye na wewe kwenye kile ulicho nacho. Jaribio la nne linahitaji kikokotoo kinachotafuta mteremko.

1. Nyuzi au rediani. Tafuta 325 sin(100π × 0.005). Jibu sahihi ni 325, yaani kilele cha wimbi. Kikokotoo kikiwa kwenye nyuzi kitakupa takriban 8.9. Volti 8.9 haimtishi mtu. Volti 325 huua. Tofauti yake ni mpangilio mmoja tu.

2. Mpangilio wa matendo. Kapasita ya maikrofaradi 100 kwenye umeme wa mizunguko 50 huzuia mkondo kwa kiasi cha 1/(2πfC), yaani takriban omu 31.8. Wanafunzi wengi huandika 1÷2π×50×0.0001 bila mabano. TI-83 Plus hutoa 0.00785. Casio fx-991ES hutoa 0.000796. Mashine mbili nzuri, majibu mawili, na yote mawili si sahihi. Weka mabano, zote zitakubaliana.

3. Namba kubwa na ndogo. Andika 10²⁰ + 1 − 10²⁰. Wewe unajua jibu ni 1. Kikokotoo kitasema 0, kwa sababu nafasi zake za tarakimu hazitoshi kuibeba ile 1 pembeni ya namba kubwa kiasi hicho.

4. Mteremko usiokuwapo. Mchoro wa thamani kamili ya x una umbo la V. Kwenye ncha yake hakuna mteremko mmoja. Muulize TI-83 Plus mteremko pale x = 0, atakujibu 0 bila kusita. Yeye hupima hatua ndogo kushoto na hatua ndogo kulia, kisha huchukua mteremko wa mstari unaounganisha pointi hizo mbili.

Angalia jambo moja katika majaribio haya yote. Bei haikusaidia. Kilichogundua kosa ni kichwa cha mtu aliyekuwa na makadirio.

Wahandisi wa zamani walilazimika kuwa na makadirio hayo. Kabla ya HP-35 kutoka mwaka 1972, kikokotoo cha kwanza cha sayansi cha mkononi, walitumia rula ya kukokotolea. Rula hiyo ilitoa tarakimu kama tatu tu, na haikuonyesha nukta ya desimali ikae wapi. Mhandisi mwenyewe ndiye aliyejua kama jibu ni 3.18, 31.8 au 318. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975. Kikokotoo cha kwanza cha grafu kilikuja miaka kumi baadaye, na treni zilikuwa zimekwisha kupita.

"Lakini mwalimu, chuoni nitakihitaji"

Hoja hii naisikia sana, na si ya kupuuzwa. Nilikaa chumba kimoja na mwanafunzi wa uhandisi. Aliazima TI-83 Plus yangu mihula miwili. Alipoirudisha aliniambia, "Ni nzuri, kaka, ila kwenye mtihani hairuhusiwi, na kwenye mradi tunatumia kompyuta." Ikabaki kwa jioni za kujisomea, na huko ilimsaidia kweli.

Huko Marekani kwenyewe, ambako vijana wengi wanavimiliki, mhandisi anayeanza safari ya leseni hufanya mtihani uitwao FE, unaosimamiwa na NCEES. Kwa miaka mingi orodha ya vikokotoo vinavyoruhusiwa imekuwa fupi, na vya grafu havimo. Waliomo ni pamoja na familia ya Casio fx-991. Ndiyo, ile ile inayopangwa kwenye meza za Kariakoo.

Nyumbani mambo ni hivyo hivyo. Mtihani wa Hisabati ya Juu wa kidato cha sita huruhusu vikokotoo visivyoandikiwa programu, na cha grafu huandikiwa programu. Maana yake, ukikizoea miaka miwili, siku ya mtihani utaingia na chombo kingine usichokizoea. Hapo utakuwa umelipa fedha nyingi ili ujiongezee ugumu. Na kama shida yako ni kuona michoro, simu ya nyumbani yenye programu ya GeoGebra itakuchorea bila malipo, kwa rangi, kwenye kioo kikubwa zaidi.

Basi nifanyeje?

Kama huna, nunua kikokotoo kizuri cha sayansi kisichoandikiwa programu. Kikague dukani kabla ya kulipa: bonyeza kila kitufe, tafuta cos 60 kwa nyuzi uone 0.5, kisha fanya majaribio mawili ya kwanza hapo juu. Niliwahi kuuziwa bandia katika duka moja mjini. Maandishi ya vitufe yalifutika kabla muhula haujaisha.

Kama umepewa cha grafu na mjomba aliyeko ughaibuni, mshukuru, kitumie nyumbani, lakini chora kwanza kwa mkono. Kikokotoo kije kukuhakikishia. Na ukifika chuoni, idara yako ikikuagiza ununue, nunua. Wakati huo utakuwa na uwezo wa kukihukumu.

Yule mama alinunua fx-991ES, na kiasi kikubwa cha fedha ya kikoba kikaenda kwenye genge. Kijana alininunia karibu mwezi mzima. Kisha asubuhi moja alinifuata na daftari, hata salamu akaisahau. "Mwalimu, mimi na mwenzangu tumefanya swali moja, kikokotoo chake kimetoa hivi, changu vile, na mimi naona vyote vimekosea. Haiwezekani kapasita ndogo hivi isizuie kitu kabisa."

Alikuwa amesahau mabano. Lakini alikuwa amelikataa jibu la mashine kabla hajaja kwangu, na hicho hakiuzwi dukani.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mwandishi aliona mstari ulionyooka badala ya mawimbi? Eleza kwa maneno yako mwenyewe.
2. Umeme wa 325 sin(100πt) ukichorwa kwa dirisha la 0 hadi 0.94 kwenye kioo kile kile, kila hatua itakuwa sekunde ngapi? Utaona nini?
3. Kabla ya kugusa kikokotoo, kadiria 1/(2π × 50 × 0.0001). Kisha kokotoa na ulinganishe.
4. Je, unakubaliana na ushauri ambao mwandishi alimpa yule mama? Toa hoja mbili za kuunga mkono na moja ya kupinga.