Ugeni wa Siku Arubaini



Umezuka mtindo katika miji yetu ya pwani ambao watu wengi wanausifu, nami leo nataka kuulaumu. Mtu na mkewe hufunga mizigo wakaenda Maskati, wakakaa mwezi, mwezi na nusu, hata miwili, nyumbani kwa rafiki. Wakirudi wakiulizwa walikwenda kufanya nini, hujibu: "Tulikwenda kuunga udugu, na kutembea pwani ya wenzetu." Maneno mazuri haya. Hebu tuyapekue tuone ndani mna nini.

Sikuandikii habari ya kusikia. Mimi mwenyewe na mama watoto tulikwenda, tukakaa siku arubaini kamili katika nyumba ya rafiki yangu niliyesoma naye chuoni tangu tukiwa wadogo. Ni nyumba ya ghorofani, vyumba viwili na sebule. Siku ya kwanza alitupa chumba chake mwenyewe. Yeye na mkewe wakaingia cha watoto, na watoto wakatandikiwa sebuleni. Tulikataa kwa ulimi, kama ilivyo ada, kisha tukalala. Usiku wa kwanza jambo hilo huitwa ukarimu. Usiku wa thelathini huitwaje?

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa ugeni ni siku tatu, na zaidi ya hapo ni sadaka, wala si halali kwa mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji wake dhikini. Mafundisho haya tunayajua sote; watoto wetu wanayasoma madrasa. Basi wewe unayejitetea kuwa "wenyewe walitwambia kaeni," ulitaka wakwambieje? Ni muungwana gani atakayemwambia mgeni wake aondoke? Neno "kaeni" si ushahidi. Ushahidi ni ile taa ya jikoni inayowaka saa sita ya usiku, na mke wa mwenyeji, aliyeshinda kazini mchana kutwa, amesimama hapo akiosha vyombo vya chakula chetu.

Na huko kutembea pwani ndiko kulikozidi. Omani wiki ya kazi kwa walio wengi huanza Jumapili hata Alkhamisi, na mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi. Siku hizo mbili ndizo tulizozila sisi. Ijumaa ya kwanza alitupeleka Matrah, tukazunguka sokoni na kupunga upepo kando ya bahari. Hapo hapana neno, ni karibu. Ya pili tukataka Sur, kiasi cha kilomita mia mbili kutoka Maskati. Njia yenyewe, sikatai, inafungua moyo: majabali mkono wa kulia, bahari mkono wa kushoto. Tulipita Qalhat, bandari ya kale aliyofika Ibn Battuta, ambayo leo ni magofu na kaburi la Bibi Maryam. Sur tukaliona jahazi la Fath al-Khair, lililoundwa mji huo huo mwaka 1951, sasa limepandishwa nchi kavu watu walitazame. Mimi mzaliwa wa Mombasa nilishika mbao zake koo likanikaba, kwani vyombo kama hivyo ndivyo vilivyokuwa vikija kwetu na kaskazi, vikiteremsha tende na papa mkavu, vikarudi na kusi vimepakia boriti.

Laiti tungetosheka. Ijumaa ya tatu tukataka kuona kasa wakipanda kutaga mayai Ras al-Jinz, mbele ya Sur tena, na kasa hawapandi mchana. Mwenyeji wetu akaendesha gari usiku kucha. Ya nne ilipofika akaomba ruhusa kazini, akatupeleka Salalah kuona mvua za khareef, safari ya kilomita elfu moja hivi kwenda tu. Ijumaa ya tano ikatukuta huko huko, tunanunua madafu kando ya barabara. Madafu! Kama kwamba Likoni hakuna.

Wako watakaosema kuwa hata wazee wetu walikuwa wakifikiana kwa miezi. Naam, walikuwa wakingoja upepo. Aliyekuja na kaskazi hakuwa na njia ya kurudi mpaka kusi ivume, na mabaharia wengi walikuwa wakilala chomboni mwao na kula jasho lao. Wewe umekuja kwa ndege, tikiti ya kurudi iko mfukoni, na tarehe yake umeichagua mwenyewe. Unangoja upepo gani?

Mwengine atasema hoteli ni ghali. Basi punguza siku! Mwenye fedha za siku kumi asitembee siku arubaini kwa petroli ya mwenzake. Na tafadhali usinitajie ule ubuyu na zile kashata ulizompelekea. Ukitaka kwenda, nenda, lakini mwambie mwenyeji wako tarehe ya kuondoka kabla hujafika. Ukishalala siku zako tatu, panga chumba chako na ukodi gari lako, kisha umwalike yeye na jamaa zake waje wale kwako. Hapo utakuwa umeunga udugu kweli.

Kwani sikiliza yaliyotufika sisi. Usiku wa Alkhamisi wa mwisho, mizigo imekwisha fungwa, tumekaa tunakula. Mtoto wa mwenyeji, wa miaka minane, akamuuliza baba yake: "Kesho tutakwenda kwa bibi?" Mama yake akamkata jicho. Nikauliza, bibi yupi? Ndipo nilipojua kuwa rafiki yangu ana mama yake mzee anayekaa Barka, mwendo wa kama saa moja kwa gari, na kwamba killa Ijumaa, baada ya sala, yeye na watoto wake hula chakula cha mchana kwake. Ijumaa tano bibi huyo hakumwona mwanawe. Sisi tuliokwenda kuunga udugu ndio tuliomkatisha mwenzetu udugu wake, tena wa mama!

Yeye alicheka tu, akasema mama amesamehe, na akaniongeza wali. Sikuweza kuumeza.

Siku ya pili, baada ya sala ya Ijumaa, alitupeleka uwanja wa ndege pamoja na watoto wake. Tulipoagana nilisimama mlangoni nikilitazama gari lake likitoka. Hakurudi njia ya nyumbani kwake. Alishika njia ya Barka.