Amplifaya ya Mzee: Tuache Kubishania Wati, Tuulize Masikio

Leo siongelei ndoa ya msanii wala nani kamfuta nani Instagram. Leo naongelea amplifaya. Msikimbie! Kuna ugomvi ndani yake, tena wa familia, na mimi nimeombwa niwe refa.

Mzee mwenyewe simtaji jina, na wewe ukimjua usimtaje hapo chini. Niseme tu kwamba ni mtangazaji mstaafu wa redio, na kama miaka ya 1980 ulikuwa umeshafikia umri wa kusikiliza redio, sauti yake unaijua. Mwaka huu anatimiza miaka 75. Watoto wake wawili wakakubaliana wamtoe kwenye lile sabufa lake linalovuma kama mashine ya kusaga, wamwekee mziki wa maana sebuleni. Pleya ya santuri anayo, kaseti zake anazo kabati zima, spika mpya wameshanunua. Kilichobaki ni amplifaya. Hapo ndipo kitumbua kilipoingia mchanga.

Dada yuko Uingereza. Anataka kuleta Rega Brio, lile toleo lililotoka 2017. Ni kiboksi kidogo cha Kiingereza, wati 50 kila upande, na mbele hakina mambo mengi: kuwasha, kuchagua unasikiliza nini, kuongeza na kupunguza sauti, na tundu la hedifoni. Basi. Besi hakuna, trebo hakuna. Hoja yake ni kwamba kila kitu unachokiweka kwenye njia ya sauti kinaichafua kidogo, kwa hiyo weka vichache.

Kaka yuko hapa hapa Dar. Anataka Yamaha A-S801. Hilo ni libabe, kilo 12 na wati 100 kila upande. Lina besi, trebo, balansi, kitufe cha laudinesi, na tundu la kuchomekea tivi. Hoja yake ni kwamba mia ni mara mbili ya hamsini, na baba si mtu wa kununuliwa vitu nusu nusu.

Dada akamuuliza kwenye grupu la familia, "Kaka, unanunua amplifaya au jenereta?" Kaka akajibu kwa voisi noti ambayo siwezi kuiandika hapa. Tangu siku hiyo grupu limenuna. Wiki ya tatu sasa hata "habari za asubuhi" hakuna.

Kaka ni mshikaji wangu, tumesoma wote, ndo maana kesi ikaletwa kwangu. Na mimi nitaitoa hukumu hadharani ili nisionekane nimehongwa.

Tuanze na wati, maana ndiko kaka alikojenga nyumba yake. Spika walizonunua zinatoa desibeli 88 kwa wati moja ukiwa mita moja mbele yake. Mzee anakaa mita tatu hivi. Sauti inapungua ikisafiri, lakini spika ni mbili na kuta zinairudisha, kwa hiyo pale kwenye kiti chake wati moja, nasema MOJA, inampa desibeli 80 na kidogo. Watu wakiongea kawaida ni kama desibeli 60. Yaani wati moja tu tayari majirani wanajua leo mzee anasikiliza nini.

Sasa ukitoka wati 50 kwenda 100 unaongeza desibeli 3. Sikio linalisikia hilo kama ongezeko dogo tu, si mara mbili. Ili usikie kama sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, na hizo zinataka nguvu mara kumi. Kutoka wati 50 ni mpaka wati 500! Kwa hiyo kaka, ile "mara mbili" yako iko kwenye katoni, masikioni haipo.

Msinielewe vibaya, nguvu ina kazi yake. Ukiwa na spika ngumu, zile za omu 4 zenye kutoa desibeli chache kwa wati, au sebule kubwa kama ukumbi, amplifaya ndogo itahema. Na amplifaya inayohema ni hatari. Ukiisukuma kupita uwezo wake sauti inakatwa vichwa, na uchafu ule unaunguza vispika vidogo vya juu. Wengi wanadhani spika huungua kwa sababu amplifaya ni kubwa mno. Mara nyingi ni ndogo iliyolazimishwa. Lakini sebule ya mzee ni mita nne kwa tano na spika zake si ngumu. Wati 50 zinamtosha na chenji inabaki.

Hapo dada anatabasamu. Subiri kwanza.

Hili la "vichache ndo safi" nalo tusiligeuze dini. Mnaikumbuka NAD 3020 ya mwaka 1978? Wati 20 tu kwa upande, na hadi leo wapenzi wa mziki wanaitaja kwa heshima. Ilikuwa ndogo na ya bei nafuu, lakini besi na trebo ilikuwa nazo. Udogo ni kitu kimoja na kukosa vitufe ni kitu kingine. Mtu anaweza kutaka kimoja bila kingine.

Na zipo rekodi za kwetu. Mtu aliyeitengeneza amplifaya isiyo na trebo anaamini kazi ya kusawazisha sauti ilishafanyika studio. Sawa, kwa santuri iliyopigwa vizuri. Sasa chukua kaseti ya dansi iliyorekodiwa kutoka kwenye kaseti nyingine, nayo imetoka kwenye nyingine. Kila ikihama inapoteza makali ya juu na kuongeza vumbi. Hiyo ukiicheza "safi bila kuguswa" unasikia blanketi. Zungusha trebo kidogo, gitaa la solo linatoka chini ya blanketi.

Lakini kilichoniamulia hii kesi si kaseti.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa mzee. Shikamoo, marahaba, chai ya tangawizi ikaja. Nikajifanya nimekuja kusalimia tu. Kitu cha kwanza nilichoona ni kiti chake. Hakiangalii spika wala tivi. Kimekaa upande, sikio la kulia ndo linaelekea sauti. Kitu cha pili, lile sabufa. Besi ameirudisha mpaka sifuri, trebo ameipeleka mwisho, na pembeni amebandika kipande cha plasta amekichora mstari kwa kalamu, ili mjukuu akichezea aweze kuirudisha palepale.

Ikaja taarifa ya habari. Mzee akaongeza sauti mpaka mama akatoka jikoni akarudi bila kusema neno. Mzee akanitazama, akasema taratibu, "Sauti nasikia mwanangu. Maneno ndo yananiteleza."

Wadau, huyu ni mtu aliyekula mkate wa maneno maisha yake yote.

Umri ukienda, masikio hupoteza kwanza sauti za juu. Na huko juu ndiko zinakokaa s, f, sh na t, herufi zinazotenganisha neno na neno. Ndo maana mzee wako anakwambia "usipige kelele, nasikia," halafu anakuuliza umesema nini. Ukimwongezea sauti yote, unamwongezea na ile besi asiyoihitaji, anachoka, anazima, anakwenda kulala saa mbili. Mama akanisindikiza mpaka getini, akaniambia siku hizi mzee hakai tena sebuleni wageni wakija. Nyumba ile ilikuwa haikauki watu.

Nilipokuwa naaga, mzee, ambaye kumbe siri ya zawadi anaijua zamani, aliniuliza swali moja tu. Aliweka kidole kwenye trebo yenye plasta, akasema, "Hiyo mpya itakuwa na hii?"

Wiki tatu watoto wananuniana, na hakuna aliyemuuliza mwenye masikio.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Nunueni ile ya Yamaha, au nyingine yoyote yenye trebo, besi na balansi. Trebo kwa ajili ya maneno. Balansi kwa sababu sikio la kushoto limechoka kuliko la kulia, na kwa balansi anaweza kukiweka kiti mbele kama watu wengine. Laudinesi kwa usiku, maana sauti ikiwa ndogo sikio la binadamu yeyote linapoteza besi na trebo, na ile laudinesi inazirudisha bila kumwamsha mama. Na tundu la tivi, ili taarifa ya habari ipite kwenye spika za maana badala ya vile vispika vya tivi vinavyoongea na ukuta.

Kaka asishangilie sana, ameshinda kwa sababu ambayo hakuitaja. Zile wati za ziada zina maana pale tu unapogusa vitufe: ukiongeza kiwango cha besi au trebo kwa desibeli 6, kwa sauti za eneo lile unaiomba amplifaya nguvu mara nne. Akiba inasaidia. Si kwa ajili ya majirani.

Na dada asinune. Lile Yamaha lina kitufe kinaitwa Pure Direct. Ukikibonyeza, sauti inapita pembeni ya besi, trebo na balansi zote. Ukija likizo, mzee akilala, bonyeza, kaa na santuri yako, njia ni fupi kama unavyoitaka. Asubuhi ukibonyezee tena. Angekuwa anajinunulia yeye na masikio yake, ningemwambia chukua Brio kesho. Ni kifaa kizuri na kinachoweza kuharibika ndani yake ni kichache.

Mambo matatu ya mwisho. Kwanza, amplifaya si dawa. Mpelekeni mzee kwa daktari wa masikio kabla ya sherehe. Pengine ni nta tu imeziba, pengine atahitaji kifaa cha kusikia, na hicho kitamrudishia mazungumzo ya mezani ambayo amplifaya haiwezi. Pili, sauti ikae chini. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki ndo mwisho wa usalama. Mjukuu anayekaa karibu na spika hajapoteza kitu bado, asianze leo. Tatu, umeme wetu mnaujua. Wekeni stabilaiza, na lile libabe msilifungie kabatini bila hewa, juu yake msiweke kitambaa cha kufuma wala vazi la maua.

Haya yote nimewatumia kaka na dada jana usiku. Kaka kajibu kwa dole gumba. Dada, tiki mbili za bluu, kimya. Nikiwa namalizia kuandika hapa nikaona anaandika, akaacha, akaandika tena. Halafu ikaja: "Baba anakaa upande tangu lini?"

Sikuwa na jibu. Mnaoishi na wazazi, hebu leo jioni angalieni kiti kimekaaje. Na kama nimekosea kwenye wati, mafundi, uwanja wenu hapo chini. Matusi hapana.