Anunuaye gari la umeme hununua betri

Katika siku za hivi karibuni nimepokea maswali si haba kutoka kwa walimu wenzangu wanaotaka kujua iwapo ni busara kuchukua mkopo wa chama cha akiba ili kununua gari linalotumia umeme badala ya petroli. Maswali yenyewe hufanana mno. Huulizwa bei, huulizwa rangi zilizopo, na huulizwa kama vipuri vyake hupatikana katika maduka ya barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Sijampata hata mmoja aliyeanza kwa kuniuliza habari za betri. Nami nashikilia kwamba hilo ndilo swali la kwanza, la pili na la tatu, na kwamba asiyeliuliza huenda akalipa mkopo wa miaka minne kwa ajili ya chombo kisichoweza kumfikisha kazini na kumrudisha nyumbani.

Sisemi haya kwa nia ya kumtisha mtu. La hasha! Gari la umeme halina oili ya injini ya kubadilishwa, halina plagi za moto wala bomba la moshi, na umeme wetu hapa Kenya kwa sehemu kubwa hutokana na mvuke wa Olkaria, maji na upepo. Mwaka 2019 serikali ilipunguza ushuru wa bidhaa kwa magari haya kutoka asilimia 20 hadi 10. Wakazi wa Nairobi waliyaona yakifanya kazi ya teksi chini ya kampuni ya NopeaRide tangu 2018 hadi mwishoni mwa 2022, biashara hiyo ilipofungwa kwa sababu kampuni mama ya Ufini ilikosa fedha. Kilichokwisha pale ni mtaji. Wanaodai eti magari haya hayafai barabara zetu wamekosea.

Hebu basi tulitazame lile gari dogo la Nissan Leaf, ambalo wengi wanalijua na ambalo huletwa kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika. Pembeni mwa kipimo cha chaji pana vipande vidogo 12 vilivyopangwa kama ngazi. Wengi hudhani kwamba navyo vinaonyesha chaji iliyobaki. Sivyo. Vinaonyesha uwezo wa betri yenyewe, yaani ukubwa wa mtungi wala si maji yaliyomo ndani. Kipande cha kwanza hupotea pale betri inapokuwa imepungukiwa na takriban asilimia 15 ya uwezo wake, na kila kimoja kinachofuata huondoka na asilimia 6 hivi. Gari lenye vipande 8 limebakiwa na kama thuluthi mbili tu za betri lililotoka nayo kiwandani.

Chukua mfano wa mwalimu anayeishi Thika na kufundisha Nairobi. Kwenda na kurudi ni kilomita 90 hivi. Gari la kwanza la aina hiyo, lenye betri ya uniti 24, lilipimwa nchini Marekani likiwa jipya na kukadiriwa kwenda takriban kilomita 117. Likibakiwa na thuluthi mbili za uwezo huo, litakwenda kilomita 78. Mwalimu wetu atakwama jioni njiani, huku kwenye dashibodi ikiwaka picha ya kobe, ambayo ndiyo ishara ya gari hilo kwamba nguvu zimekwisha. Gari hilohilo lingemfaa sana mwenzake anayeishi Kasarani na kufundisha Ruaraka. Kwa hiyo ubovu wa gari ni suala la hesabu ya safari ya mtu, na hesabu hiyo hufanywa kabla ya kutia saini karatasi za mkopo.

Ieleweke pia kwamba kanuni zetu haziruhusu kuingizwa nchini gari lililotumika ambalo limepita miaka minane. Magari ya mwanzo ya uniti 24 yaliyopo hapa sasa yanauzwa mkono kwa mkono, na humo ndimo mitego ilimo, maana vile vipande 12 vinaweza kurejeshwa kwa ujanja wa kompyuta ili gari kuukuu lionekane jipya kwa wiki kadhaa. Dawa yake ni kulichaji gari mpaka lijae, kisha kuliendesha umbali wa kutosha pamoja na muuzaji na kuona chaji inavyoshuka. Magari ya baadaye, yenye uniti 40, hustahimili safari ndefu zaidi, lakini nayo hayana maji ya kupoza betri. Ukiyachaji kwa mashine za kasi mara mbili au tatu katika safari moja, betri hupata moto na gari lenyewe hupunguza kasi ya kupokea umeme.

Nikija kwenye suala la kuchaji nyumbani, hapana budi nikae kidogo, kwa kuwa hapa ndipo nyumba huungua. Soketi zetu za miguu mitatu zina kikomo cha ampea 13. Pasi hutumia umeme mwingi kwa dakika chache kisha ikazimwa. Gari huuvuta usiku kucha. Soketi iliyolegea, au waya mwembamba wa kurefushia uliozungushwa kama kamba ya mbuzi, hupata joto mpaka plastiki ikayeyuka. Chaja inayovuta ampea 10 ni salama zaidi. Kwa volti zetu 240 hiyo ni wati 2,400, na mtu aliyesafiri kilomita 60 mchana atarudisha umeme alioutumia kwa saa tano hivi, yaani kabla ya jogoo kuwika. Nusu saa baada ya kuchomeka, iguse plagi. Ikiwa vuguvugu si neno, lakini ikiwa ya moto zima umeme na umwite fundi abadilishe soketi, tena iwe na waya wake wa peke yake kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi.

Kebo iliyokuja na gari kutoka Japani iliundwa kwa umeme wa huko, ambao ni volti 100 na 200. Soma maandishi kwenye kisanduku chake, na ikiwa hayataji volti 240, nunua nyingine. Ukiwa na kebo ifaayo na bado ikatoa taa nyekundu na kukataa kuchaji, usikimbilie kulilaumu gari. Mara nyingi kosa ni la nyumba. Chaja hukagua kama soketi ina waya wa ardhini, na nyumba nyingi za kupangisha zina tundu la tatu ukutani ambalo halikuunganishwa na kitu chochote. Mwenye nyumba asiyetaka kusikia habari hizo aelezwe kwamba waya huohuo ndio unaomlinda mpangaji asiuawe na birika la umeme. Sababu nyingine ya gari kuamka bila chaji ni nyepesi mno hata huwa kichekesho: tokeni za mita ziliisha saa nane za usiku.

Aliyezoea petroli hupenda kujaza tangi, na akilipata gari la umeme huona fahari kulijaza hadi asilimia 100 kila siku. Mazoea hayo hayana budi kuachwa. Betri za lithiamu hukaa vyema kati ya asilimia 20 na 80, na kilele kiwe ni kwa ajili ya safari ndefu tu. Adui mkubwa zaidi ni joto. Mwaka 2012 wenye magari hayo katika mji wa Phoenix, jangwani Marekani, walilalamika kwamba vipande vilikuwa vikipotea upesi kupita kiasi, na mwaka uliofuata Nissan ikalazimika kupanua dhamana yake ili ihusishe upungufu wa uwezo wa betri. Hali ya hewa ya Nairobi na Nakuru ni neema kwa betri. Walimu wa Garissa, Lodwar na Mombasa, hata hivyo, watafute kivuli, na wasiliache gari limejaa pomoni chini ya jua la saa saba. Shule zikifungwa nawe unasafiri kwenda mashambani kwa wiki tatu, liache likiwa na chaji ya nusu.

Kuna hitilafu moja inayowapotezea watu fedha kuliko zote, nayo hutokana na kutojua kwamba gari hili lina betri mbili. Chini ya sakafu imo ile kubwa yenye volti zaidi ya 300. Mbele, chini ya boneti, imo ndogo ya volti 12, ya risasi na asidi, sawa na ile ya gari lolote la petroli. Hiyo ndogo ndiyo inayoamsha kompyuta za gari na kufunga swichi zinazouruhusu umeme wa betri kubwa kupita. Ikifa, gari zima hulala ingawa ile kubwa imejaa tele. Taa za dashibodi hupepesa, maonyo humiminika kama mvua ya masika, na mlango haufunguki kwa rimoti. Mwalimu mmoja jirani yangu aliambiwa na fundi kwamba betri kubwa imekufa na kwamba aanze kutafuta malaki ya shilingi. Kilichohitajika kilikuwa betri ndogo, ya aina ile inayouzwa katika kila mji wenye duka la vipuri. Kabla ya kumwita yeyote, fungua mlango kwa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, pima volti za betri ndogo, na uiamshe kwa nyaya kutoka betri nyingine ya volti 12.

Na gari likikwama kabisa, wapasha habari wa barabarani watakuja na kamba. Wakatalie! Magurudumu ya mbele ya Leaf yameungana na mota, na yakiburutwa huku yanazunguka, mota hiyo hugeuka jenereta na kuharibu vifaa. Gari lipakiwe juu ya lori, au angalau magurudumu ya mbele yainuliwe kutoka ardhini. Vilevile wale vijana wanaoosha magari kwa mashine ya presha wasiruhusiwe kuielekeza chini ya boneti. Matuta yetu, ambayo mengine yamejengwa kana kwamba ni kuta za ngome, yapandwe polepole, kwa maana betri iko tumboni mwa gari. Na likikwaruzwa, bamba la chini likaguliwe. Gari lililozama katika mafuriko, kama yale yaliyoikumba Nairobi mwezi wa Aprili na Mei 2024, lisiwashwe wala lisichajiwe hata likionekana limekauka. Nyaya za rangi ya chungwa ni za umeme wa kuua, na hazishikwi ila na fundi aliyesomea kazi hiyo.

Mafundi wa namna hiyo ni wachache, na hapo ndipo ninapowageukia wenzangu wa chaki. Gari la umeme lililoegeshwa mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu ni maabara ya fizikia isiyohitaji kununuliwa vifaa. Mwulize mwanafunzi wa kidato cha tatu: gari la kilo 1,500 linalotoka Mombasa hadi Nairobi, iliyo mita 1,660 hivi juu ya usawa wa bahari, linahitaji nishati kiasi gani kwa kuinuka tu, kabla hatujahesabu upepo na matairi? Atapata takriban jouli milioni 24, ambazo ni karibu uniti 7. Kisha mwulize kwa nini mtu anayeishi Limuru na kuteremka kwenda Nairobi kila asubuhi hapaswi kuijaza betri hadi kilele. Akifikiri vizuri atajibu kwamba mota hurudisha umeme wakati wa kuteremka, na betri iliyojaa haina pa kuupokea, hivyo breki za kawaida hubeba mzigo wote. Kijana aliyeyajua hayo darasani hatashindwa kuyafuata katika chuo cha ufundi.

Kwa wakubwa wetu nina ombi moja. Mwaka 2023 Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, iliidhinisha bei maalumu ya umeme wa vyombo vya uchukuzi, shilingi 16 kwa uniti na shilingi 8 katika saa za matumizi machache, kabla ya kodi na ada nyingine. Hilo lilikuwa jambo jema. Lifuatwe sasa na sharti kwamba kila gari la umeme lililotumika liuzwe pamoja na hati inayoonyesha uwezo wa betri uliosalia, iliyopimwa na mtu asiye muuzaji. Vyama vya akiba na mikopo havina haja ya kungoja sheria. Vinaweza kuidai hati hiyo leo kabla ya kutoa hundi, kama vile vinavyodai hati ya umiliki. Kifaa cha kupimia hutoshea mfukoni, huchomekwa chini ya usukani, na programu ya simu iitwayo Leaf Spy husoma hali ya kila seli kwa dakika chache. Muuzaji akikataa kichomekwe, mwalimu apande matatu arudi nyumbani na fedha zake.